Mtambuu, mmea wa jani lisilovumilia safari

Mtambuu (Piper betle) ni mmea mtambazi wa kudumu wa nchi za joto na unyevu, wa ukoo mmoja na mpilipili manga. Haulimwi kwa ajili ya tunda, mbegu wala mzizi, bali kwa ajili ya jani. Jani hilo, tambuu, hufungiwa popoo (mbegu ya mti wa mpopoo), chokaa na vikorombwezo vingine, likatafunwa kuanzia visiwa vya Pasifiki hadi mwambao wa Afrika Mashariki. Wengi wa pwani wanaolijua jani hawajawahi kuuona mmea wenyewe, na apitaye karibu nao shambani huweza kuudhania mpilipili manga uliogoma kuzaa.

Uraibu wa tambuu umejengwa kwa vitu vichache. Jani, popoo na chokaa ndivyo msingi. Katu, utomvu mwekundu unaochemshwa kutoka kwenye kiini cha mti wa jamii ya migunga, hutiwa katika nchi nyingi lakini si zote. Tumbaku ni mgeni: haikujulikana Asia wala Afrika kabla ya Wazungu kuitoa Amerika, na uraibu huu ulikuwa umeshazeeka ilipoingia. Ukivitazama vitu hivi kwa jicho la mfanyabiashara, utaona kimoja hakifanani na wenzake. Popoo hukaushwa ikakaa miezi. Katu na tumbaku vivyo hivyo, na chokaa haiozi. Jani hunyauka kwa siku chache. Ndiyo maana historia ya tambuu, kwa maoni yangu, ni historia ya kuuhamisha mmea ukiwa hai hadi walipo watafunaji. Anayetaka kujua uraibu huu ulikita wapi atafute kwanza bustani, kisha midomo myekundu.

Umbile na jamaa zake

Jenasi ya Piper ina spishi zaidi ya elfu moja, nyingi zikiwa vichaka na mitambazi ya misitu ya tropiki. Carl Linnaeus aliupa mtambuu jina lake la kisayansi mwaka 1753, katika kitabu kilekile alimouandikisha mpilipili manga, Piper nigrum. Asili ya mtambuu ni Asia ya Kusini-Mashariki.

Shina lake ni la pingili, na kila kifundo kimevimba kidogo. Kwenye matawi yanayopanda juu, vifundo hutoa vijizizi vifupi vinavyong'ang'ania gome la mti au nguzo. Mtambuu haujizongi kwenye mti, wala hauna vikono vya kujipindia kama mtango. Vijizizi hivyo ndiyo mikono yake yote. Matawi ya pembeni hayana vijizizi, hujitokeza nje kufuata mwanga, na kwa sababu hiyo mkulima huchukua pando kutoka kwenye shina linalopanda, si tawi la pembeni. Ukiachiwa mti mrefu, mmea hufika mita kumi na kupita.

Jani lina umbo la moyo, ncha kali, uso unaong'aa, na mishipa mikubwa inayoanzia karibu na kikonyo ikapinda kuelekea nchani. Mimea ni ya jinsia mbili: mmoja dume, mwingine jike. Maua hayana petali, ni madogo mno, nayo hupangana kwenye shuke jembamba linaloning'inia. Lakini mashambani maua huonekana kwa nadra na mbegu hazina kazi, kwa kuwa mtambuu huzalishwa kwa pando. Kila aina inayojulikana sokoni kwa hakika ni mmea mmoja uliokatwakatwa na kugawanywa kwa vizazi vingi, na hilo lina gharama yake: ugonjwa unaoumudu mmoja huimudu yote.

Kuutofautisha na mpilipili manga si kazi. Vunja jani unuse. La mpilipili manga ni nene, la kijani kilichokolea, na harufu yake ni hafifu. La mtambuu hutoa harufu kali yenye utamu, ambayo mtu wa Pemba ataifananisha mara moja na karafuu, na hatakuwa amekosea. Mafuta ya jani la tambuu yana ujenoli, ileile iliyo mhimili wa mafuta ya karafuu, pamoja na jamaa zake wawili, chavikoli na chavibetoli. Kiasi cha kila kimoja hubadilika kutoka aina hadi aina, ndipo tambuu nyingine huwa tamu na nyingine huuma ulimi.

Jamaa wengine wa mtambuu wanastahili kutajwa kwa sababu huchanganywa nao. Piper sarmentosum, mmea mfupi unaotambaa chini, una jani lenye sura ileile. Vietnam hulizungushia nyama ya ng'ombe iliyosagwa wakaichoma. Afrika nayo ina wake, Piper guineense, pilipili ya misitu ya Afrika Magharibi na ya Kati, inayotumiwa kwa tunda. Na katika visiwa vya Pasifiki yupo kava, Piper methysticum, ambaye mizizi yake hupondwa ikafanywa kinywaji cha kutuliza. Mwaka 1914 mwanaanthropolojia wa Kiingereza W. H. R. Rivers aliwagawa watu wa Melanesia makundi mawili, watu wa kava na watu wa tambuu, akidai kuwa waliingia kwa mikupuo tofauti ya uhamaji. Nadharia yake imepingwa sana tangu hapo. Hata hivyo inashangaza kwamba starehe mbili kuu za bahari ile zote mbili zimetoka katika jenasi moja ya mimea.

Bustani ya kivuli

Mtambuu hupenda kile ambacho mazao mengi hukikimbia: kivuli, joto lisilopoa na hewa nzito yenye maji. Lakini maji yakituama mizizini huoza. Mkulima basi ana kazi mbili zinazopingana, kunyevusha kila siku na kukausha kila siku.

Huko Bengal, pande zote mbili za mpaka wa India na Bangladesh, tatizo hili lilitatuliwa kwa kujenga nyumba ya mimea. Huitwa boroj: kuta na dari za mianzi, majani makavu na mabua, zenye kupitisha mwanga kidogo na upepo kidogo. Ndani, mitambuu husimama kwa safu, kila mmoja na ufito wake. Ukifika darini, mkulima huuteremsha, huliviringa shina lililobaki bila majani na kulifukia, ncha ikaanza kupanda upya. Mmea mmoja huendelea hivi kwa miaka. Wakulima wa asili wa boroj, Wabarui, wana miiko: mtu haingii na viatu, wala akiwa mchafu. Wenyewe huieleza kwa heshima ya mmea. Mtaalamu wa magonjwa ya mimea angeieleza vingine, kwa kuwa adui mkubwa wa mtambuu ni vimelea vya Phytophthora, ambavyo huozesha shina karibu na ardhi na husafiri katika udongo na maji. Mwiko na kinga vimekutana katika nyayo tupu.

Wakhasi wa milima ya Sylhet na Meghalaya hawajengi kitu. Hupanda pando chini ya miti ya msituni na kuuacha mti uwe nguzo na dari kwa pamoja; kinachotakiwa ni kupogoa matawi ili mwanga uingie kiasi. Kusini mwa India hutumia miti ya kupandwa, ama mipopoo yenyewe, ama miti inayokua upesi kama mlonge. Njia ya Wakhasi ndiyo iliyo karibu zaidi na inayofaa mashamba ya mchanganyiko ya pwani yetu, ambako mnazi au mwembe uliopo tayari hutosha kuubeba mtambuu, na hakuna anayehitaji kugharimia mianzi.

Uvunaji ni jani kwa jani, pamoja na kikonyo chake. Majani hupangwa kwa ukubwa, huhesabiwa, hufungwa kwa matita na kuwekwa kwenye makapu yaliyotandikwa majani ya mgomba, kisha hunyunyiziwa maji. Huko Banaras, India, wameongeza hatua moja: majani hutiwa gizani penye joto la moto hafifu, yakageuzwa na kukaguliwa hadi kijani kipotee na rangi iwe ya manjano iliyofifia. Jani la namna hiyo hulainika, ukali wake hupungua, na huuzwa kwa bei ya juu.

Kutoka pangoni Palawan hadi Mogadishu

Katika pango la Duyong, kisiwa cha Palawan huko Ufilipino, wachimbaji walikuta mifupa ya mtu aliyezikwa yapata miaka 4,600 iliyopita, meno yake yakiwa na madoa, na kando yake makombe yaliyokuwa na chokaa. Jani halikai ardhini muda wote huo, kwa hiyo ushahidi wa tambuu katika akiolojia huwa hivi siku zote: meno na chokaa, mmea wenyewe haupo.

Kwa upande wa bahari yetu, shahidi bora ni msafiri Ibn Battuta. Mwaka 1331 alifika Mogadishu. Kabla hajaonana na mtawala wa mji, aliyeitwa Sheikh, alipelekewa sinia ya tambuu na popoo. Alipewa majani kumi na popoo chache, kadhi wa mji akapewa vivyo hivyo, yaliyobaki wakagawiwa wenzake na wanafunzi wa kadhi. Kisha wakamwagiwa marashi ya mawaridi ya Dameski. Hiyo ilikuwa ndiyo heshima ya kumpokea mgeni na mwanachuoni. Baadaye, akitokea Kilwa, alisafiri hadi Zafar, katika nchi ya Dhofar ambayo leo ni Oman, na huko akauona mmea wenyewe bustanini. Anasimulia kuwa ulipandishwa kwenye vichanja vya matete kama mizabibu, au kando ya minazi ukaiparamia. Kwamba hauna tunda linalotafutwa. Kwamba jani bora ni la manjano. Na kwamba majani huchumwa kila siku. Tena anasema kuwa Wahindi humwona mtu aliyempa mwenzake majani matano kuwa kama amempa dunia na vilivyomo.

Tuyaweke mambo haya mawili pamoja. Jani la manjano alilolisifu Zafar linakumbusha lile linalotengenezwa Banaras hadi leo. Na sinia ya Mogadishu haikuweza kujazwa kwa majani yaliyovuka bahari kuu wiki nyingi. Ama palikuwa na bustani karibu na mji, ama majahazi yalikuwa yakileta mizigo kutoka bandari isiyo mbali. Vyovyote iwavyo, tambuu haikuwa kioja cha mara moja. Ilikuwa na mfumo wake wa kuletwa ikiwa mbichi.

Mwaka 1498 Wareno waliopitia Malindi na kupata rubani wa kuwavusha hadi India walimkuta mtawala wa Calicut akitafuna tambuu na kutema ndani ya chombo cha dhahabu. Mwandishi wa msafara ule aliona jambo hilo la kuandikwa. Mtu wa Malindi pengine angeshangaa dhahabu tu.

Kinachotokea kinywani

Tambuu hufungwa hivi. Jani huoshwa na kufutwa, ncha ya kikonyo hukatwa, na chokaa laini iliyoloweshwa hupakwa kwa kidole, kidogo sana. Ikizidi, ulimi huchubuka. Huwekwa popoo iliyokatwa vipande vyembamba, katu kwa apendaye, na viungo: iliki, karafuu, kungumanga, shamari. Kisha jani hukunjwa pembe kwa pembe. India huchomekwa karafuu moja kulishikilia, ambayo nayo hutafunwa. Tambuu tamu zinazouzwa Mombasa na Dar es Salaam kwa walaji wasio waraibu huwa na nazi iliyokunwa na sharubati nzito, na nyingi hazina tumbaku.

Chokaa ya pwani hutokana na mawe ya matumbawe yaliyochomwa katika tanuri la kuni, ileile iliyojenga na kupaka lipu nyumba za Lamu na Unguja. Kwingineko huchomwa makombe. Kazi yake si ladha. Popoo ina alkaloidi inayoitwa arekolini, na katika mazingira ya asidi alkaloidi hiyo hupenya shavu kwa shida. Chokaa huyageuza mate kuwa ya alkali, arekolini ikawa huru na kuingia katika damu upesi. Ndipo mtafunaji huhisi joto usoni, jasho, mate mengi, na uchangamfu unaomkimbiza usingizi. Sehemu ya arekolini hubadilishwa na chokaa hiyohiyo kuwa arekaidini.

Wekundu nao hautokani na jani. Rangi iko katika kemikali za jamii ya tanini zilizomo ndani ya popoo na katu, na hujitokeza zikikutana na alkali na hewa. Tafuna jani la tambuu peke yake, mate yatabaki ya kijani. Mchango wa jani ni harufu, mwasho mdogo, na ganzi nyepesi ya ujenoli ambayo watu wa karafuu wanaifahamu kutoka kwenye jino bovu. Kwa ufupi, jani hutoa jina na manukato, popoo hutoa ulevi.

Papua New Guinea huthibitisha hili kwa njia yao. Huko hawafungi jani. Hutafuna popoo mbichi, kisha huchovya shuke la mtambuu ndani ya chokaa ya matumbawe au makombe na kuling'ata. Mmea uleule, kiungo kingine, na mate mekundu yaleyale.

Ada na sinia

Vietnam wana ngano ya ndugu wawili waliofanana, Tan na Lang, na mke wa mkubwa. Kwa kutoelewana mdogo aliondoka, akafa kando ya mto akawa jiwe la chokaa. Kaka aliyemfuata akawa mpopoo uliosimama karibu na jiwe. Mke aliyemfuata mumewe akawa mtambuu uliouparamia mti. Vitatu vikitafunwa pamoja hutoa wekundu. Kwa hiyo posa ya Kivietinamu huenda na popoo na tambuu, hata katika nyumba ambazo hakuna anayetafuna tena. Wamalai huyapanga majani kwa ustadi na kuyapeleka harusini. Sri Lanka, katika Mwaka Mpya wa Aprili, wadogo huwapa wazazi na wazee fungu la majani ya tambuu kwa mikono miwili, wakainama.

Waswahili wa miji ya kale walikuwa na sinia yao na kijaluba chao, kisanduku kidogo cha madini cha kuwekea uraibu. Nyumba ya heshima haikumwacha mgeni aondoke bila kukaribishwa tambuu, na shughuli za harusi zilikuwa na fungu lake, hasa upande wa wanawake, ambako bibi mwenye kijaluba alikuwa na neno. Desturi hiyo imepungua mno. Kahawa na halua zimechukua kiti kile, nazo, tukisema kweli, hazimhitaji mtu wa kuchuma majani asubuhi.

Jani kama dawa

Tiba ya Ayurveda hulihesabu jani miongoni mwa vya kutafunwa baada ya chakula, kusafisha kinywa na kusaidia usagaji. Matumizi ya nyumbani ni mengi na hufanana katika nchi zilizo mbali: jani hupakwa mafuta, hupashwa moto kidogo na kuwekwa juu ya kifua cha mtoto mwenye kikohozi, hubandikwa kwenye kipaji kwa maumivu ya kichwa, hupondwa kwa vidonda. Indonesia, mtoto akitokwa damu puani, jani huviringwa na kuingizwa tunduni, na maji yaliyochemshiwa majani hayo hutumiwa kunawia.

Maabara zimeonyesha mara nyingi kuwa dondoo la jani hudhoofisha bakteria na kuvu kadhaa, jambo lisiloshangaza kwa jani lenye ujenoli. Kutoka sahani ya maabara hadi dozi ya mgonjwa ni safari nyingine. Jani kifuani kwa mtoto halina ubaya likiwa vuguvugu tu, lakini mtoto anayepumua kwa shida apelekwe zahanati.

Madhara, na vipakiti

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilichapisha mwaka 2004 tathmini iliyoweka popoo yenyewe katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Uraibu wa tambuu umo kwenye kundi hilo, uwe na tumbaku au usiwe nayo. Huo usio na tumbaku ndio uliowashtua wengi waliokuwa wakijitetea kwamba tumbaku hawaitii. Popoo pia huleta ugonjwa wa kukakamaa kwa nyama za ndani ya mashavu. Mgonjwa hushindwa taratibu kufungua kinywa, na kukakamaa huko hakurudi nyuma kwa urahisi hata akiacha.

Jani peke yake halimo katika orodha hiyo. Tusilitakase kupita kiasi: shuke linalotafunwa Papua New Guinea lina safroli nyingi, kemikali iliyo katika kundi la zile zinazoshukiwa. Lakini anayetaka kuwaonya watafunaji wa pwani aelekeze kidole kwenye popoo na tumbaku kwanza, kwa kuwa ndiko hatari iliko.

Hapa ndipo unyaukaji wa jani ulipoleta jambo ambalo halikutarajiwa. Kiwanda hakiwezi kukausha tambuu ikabaki tambuu. Wafanyabiashara wa India, katika nusu ya pili ya karne ya 20, walilitatua kwa kuliacha jani kabisa. Walichanganya popoo kavu, katu, chokaa na manukato, wakafunga katika vipakiti vidogo vya bei ndogo. Vyenye tumbaku vikaitwa gutka. Vipakiti hivyo hukaa dukani miezi, huvuka bahari bila haraka, na vimefika hadi maduka ya bandari zetu. Kijana anayevitafuna hana haja ya mkulima, ya fundi wa kufunga wala ya sinia, naye hutafuna mara nyingi zaidi kwa siku kuliko bibi yake alivyofanya kwa kijaluba, kwa sababu hakuna cha kumchelewesha. Mwaka 2012 jimbo la Madhya Pradesh lilipiga marufuku gutka, na majimbo mengine mengi yakafuata. Watengenezaji wakaanza kuuza mchanganyiko wa popoo katika pakiti moja na tumbaku katika nyingine, zikaning'inizwa pamoja dukani, mnunuzi akachanganya mwenyewe.